Mimi, Mama Mkwe na Sindano ya Homa Bay

Tangu nirudi mmenipigia simu mpaka nimeanza kuiogopa ikilia, kila mmoja akitaka nimweleze ilikuwaje. Daktari amenikataza kuongea sana, na mnanijua: nikiambiwa nieleze jambo, siwezi kulieleza kwa ufupi. Kwa hiyo nawaandikia wote mara moja, hapa kwenye kundi letu la watangazaji wa hafla, tena kwa Kiswahili, ili ndugu zetu wa Kuria na wa Kisii wasiseme Wajaluo tumewasengenya.

Sauti yangu ilianza kukwaruza zamani kidogo. Nililaumu maikrofoni, kisha vumbi la matangani, kisha nikanywa tangawizi hadi tumbo likaniuliza nina kisa gani nalo. Mke wangu Beryl ndiye aliyenigusa shingoni jioni moja akasema kuna kitu. Daktari wa Migori akakibonyeza muda mrefu kuliko nilivyopenda, akasema nikapigwe picha ya skani kule Homa Bay. Mpaka hapo nilikuwa mwanamume. Halafu akaongeza, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba kabla ya picha nitachomwa sindano ya mshipa ili ipitishwe dawa ya rangi, na uvimbe uonekane vizuri.

Sasa mjue, maana wengine mlikuwa mnashuku. Naogopa sindano. Sisemi siipendi, hakuna anayeipenda. Naiogopa. Shuleni walipokuja watu wa chanjo, niliona bomba la sindano, kisha nikaona dari ya ofisi ya mwalimu mkuu, na katikati ya hayo mawili sikumbuki kitu. Hata nikitobolewa kidole tu nipimwe malaria, masikio huziba na dunia hujaa nukta nyeusi. Sikumwambia daktari hayo. Beryl ndiye aliyemwambia, na daktari akasema basi nisiende peke yangu.

Beryl ni mwalimu na watoto wake walikuwa kwenye mtihani, mkuu wa shule akakataa kumwachilia. Ndugu zangu wako mbali. Na nyinyi ningewaambia asubuhi, mchana Isebania nzima ingekuwa inajua. Kwa hiyo Beryl akapanga nipitie Rodi Kopany nimchukue mama yake, anisindikize. Aliniambia akiwa ameshapanga.

Kwa asiyezijua mila zetu: mama mkwe, ambaye tunamwita maro, anaheshimiwa kwa mbali. Mkwe haketi karibu naye, hali chakula akitazamwa naye, wala hamgusi hovyo. Katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimezungumza na yule mama kupitia Beryl, kupitia watoto, na mara moja, Beryl alipokuwa ametoka nje, kupitia paka. Huyo ndiye aliyechaguliwa aje kuniona nikizimia.

Migori hadi Uriri

Ochola, dereva wangu, alikuwa anapeleka hema, viti na spika kwenye harusi Homa Bay, tukatumia pikapu hiyohiyo. Nilivaa suti. Beryl aliniuliza suti ya nini, nikamwambia mtu mwenye suti huchomwa kwa adabu. Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyejibu swali ambalo halikuulizwa.

Tulikuwa na sheria moja kutoka hospitali: nisile kitu tangu niamke, ila maji kidogo. Ochola hakuwa na sheria yoyote. Alikula mayai ya kuchemsha kuanzia daraja la Migori, akiyapasua kwenye usukani.

Uriri tulisimama kuacha spika moja kanisani. Kina mama wa viazi vitamu waliona pikapu yenye hema na viti, wakaniona mimi ndani na suti nyeusi na uso wa mtu asiyelala, wakaja wakiwa wameshazifunga kanga vizuri viunoni. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini ni nani ametuacha.

Ochola akatoa kichwa dirishani. "Mwenyewe bado hajaamua," akasema.

Walicheka mpaka wakashika magoti. Mimi ndiye huwatolea wafiwa mizaha ya namna hiyo, mnalipwa na mimi nalipwa, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuketi upande wa wanaosikiliza. Nawaambieni, huku upande wa pili viti ni vigumu.

Rongo, tukaombewa

Kabla ya Rongo trela la miwa lilikuwa limelala barabarani kwa ubavu. Hakuna aliyeumia, na kwa hiyo kila mtu alikuwa na furaha. Magari yalisimama pande zote, watu wakashuka, na punde barabara nzima ilikuwa inatafuna miwa. Nilikaa ndani nikisikiliza meno ya watu.

Ndipo akanipata shemasi mmoja wa kanisa letu, aliyekuwa anatoka kununua mbegu. Ochola alimwambia tunakokwenda kabla sijamkanyaga mguu. Shemasi akasema jambo kama hili haliachwi hivihivi. Akaniwekea mkono kichwani, kando ya lami, miwa ikiwa mkono wa pili.

Mimi ni Mwadventista na maombi nayajua, lakini yale yalikuwa na maelezo mengi. Alimweleza Mungu habari za koo, za mapafu, za damu, na za ndugu yake mwenyewe aliyeanza na uvimbe hivihivi, akalala, na hakuamka. Akaomba hata ikiwa ni ule ugonjwa ambao hatutaji jina, mapenzi yatimizwe. Alipofika kwa mjane na watoto nilifungua macho. Watu walikuwa wametuzunguka wakisema amina na kutema makapi ya muwa. Tulipoondoka pale nilikuwa mgonjwa kuliko nilivyokuwa Migori.

Rodi Kopany, kuku

Nilitarajia kumkuta mama mkwe kando ya barabara na mkoba wake. Nilikuta uwanja umefagiliwa. Beryl alikuwa amesema nitapita na gari, majirani wakaona gari lina hema na viti na mkwe mwenye suti, wakajumlisha. Kwao hesabu ilikuwa rahisi: mkwe amekuja rasmi hatimaye, na sherehe yake amejibebea. Kabla sijafungua mlango, wanaume watatu walikuwa wameshapanda nyuma na viti vinateremshwa. Ochola alikuwa anavirudisha upande huu, wao wanavishusha upande ule. Mzee mmoja tayari alikuwa ameketi kwenye kiti chake na hakukusudia kukiacha.

Kuwaeleza ilichukua muda, maana sauti yangu haikufika mbali, na kila nilipoikaza walidhani naanza hotuba, wakanyamaza kwa heshima na kuketi zaidi.

Kisha nikaitwa ndani. Mezani palikuwa na kuku, na ugali wa mtama uliokuwa bado unatoa moshi. Mama mkwe mwenyewe alikuwa jikoni kama inavyotakiwa, lakini alituma neno kwamba kuku huyo alichinjwa alfajiri kwa ajili yangu. Beryl alikuwa amemweleza mama yake kila kitu isipokuwa kwamba nisile.

Hapa mnisikilize vizuri. Ningeweza kusema. Neno moja tu, kwamba hospitali imekataza, na yule mama angeelewa. Lakini nilipokuwa natazama ile sahani, wazo jingine lilinijia, tamu kuliko mchuzi. Nikila, hawatanipiga picha. Wasiponipiga picha, hakuna sindano. Na nani atanilaumu? Kuku wa mama mkwe hakataliwi. Hata mila inasema. Sijawahi kuwa mtu wa mila kama nilivyokuwa dakika ile. Nilikula firigisi, ambayo ni haki ya mkwe. Baada ya firigisi niliona si vizuri kubagua viungo vingine.

Juu ya viti

Kutoka Rodi palitokea shida ya kuketi. Pikapu ina nafasi ya watu watatu mbele, na mtu wa kati huketi paja kwa paja na jirani yake. Hakuna mila inayoruhusu hilo. Ochola alipendekeza yeye akae katikati, tukamkumbusha kwamba ndiye dereva. Basi mama mkwe akapanda mbele, nami nikapanda nyuma, nikaweka kiti kimoja cha plastiki juu ya hema lililokunjwa, nikaketi na suti yangu, nikashika chuma.

Niliingia Homa Bay hivyo. Watoto walinipungia mkono, nami nikawapungia, maana ukiwa juu vile kutopunga ni kiburi. Mwanamume mmoja wa bodaboda alinifuata mwendo mrefu akiniuliza nagombea kiti gani.

Benchi

Kijana wa chumba cha picha alikuwa na miwani na upole. Aliniuliza kama nimekula. Nilimjibu kwa furaha ambayo nadhani ilimshangaza: nimekula, tena nimeshiba. Nikaweka mkono tumboni kwa huzuni ya mtu aliyekusudia mema, nikangoja aniambie nirudi wiki ijayo.

"Hakuna shida, mzee," akasema. "Tutangoja chakula kishuke. Utakuwa wa mwisho leo."

Kwa hiyo badala ya kuchomwa nikifika, nilipata mchana wote wa kuketi kwenye benchi nikitazama mlango ambao wengine waliingia na kutoka wakibonyeza pamba mkononi. Mama mkwe aliketi benchi la pili, amenipa mgongo kwa heshima. Alikuwa amesikia kila kitu. Alivuta leso yake mabegani, na mgongo wa mwanamke wa Rodi unaweza kusema mengi.

Kando yangu alikuwa mfanyabiashara wa samaki kutoka Sori, ambaye alikuwa ameshapigwa picha hiyo mara kadhaa na alikuwa anaionea fahari. Alinieleza bila kuulizwa. Dawa ikiingia, mwili wote unapata joto kama umemwagiwa chai, kisha unahisi umejikojolea. Nikamuuliza unahisi, au umejikojolea. Akasema hapo ndipo penye mtihani, huwezi kujua mpaka uinuke. Mama aliyekuwa mbele yetu, ambaye yeye alikuja kupigwa picha ya goti na hakuhitaji sindano yoyote, alituonyesha kwa vidole urefu wa sindano ya dadake. Ilikuwa sindano ya fahali.

Masikio yakaanza kuziba. Niliinuka nikasema naenda kupunga hewa.

Nilipunga hewa mpaka getini, nikapita geti, nikaendelea. Sikujiambia natoroka. Miguu ilikuwa inajua, na mimi nilikuwa naifuata kuona inakwenda wapi. Mbele niliona maji ya ziwa yanameta, nikaona pikipiki zimepanga mstari, nikainua mkono.

"Baba Achieng," sauti ikasema nyuma yangu. "Ochola na gari lake wako upande ule mwingine."

Alikuwa amenifuata, kwa umbali uleule wa heshima, mkoba mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha moja kwa moja. Kisha akaketi juu ya ukuta mfupi wa mtaro, akageukia ziwa, asinitazame, nami nikaketi mbali kidogo, nikageukia barabara. Watu waliopita walidhani tumekosana.

Akaniambia kwamba alipokuwa anamzaa Beryl aliona muuguzi anakuja na sindano, akatoka kwa dirisha. Alimzalia kwenye nyasi, nyuma ya wodi. Wauguzi wakamkuta hukohuko, na sindano yao wakamchoma palepale kwenye nyasi, mbuzi wakitazama. Beryl hajui habari hiyo, akasema, na asiijue. Samahani, Mama, lakini Beryl hayumo kwenye kundi hili.

Nilicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Yeye hakucheka. Akaniuliza ninaogopa nini hasa, maumivu?

Nikamwambia si maumivu. Naogopa kuanguka mbele za watu, kama nguo. Na naogopa kile watakachokiona kwenye hiyo picha, maana sina kazi nyingine ila mdomo.

Alingoja lori lipite. "Hicho kitu shingoni hakitaondoka kwa sababu umekikimbia," akasema. "Na binti yangu sikumzalia kwenye nyasi ili awe mjane wa mtu aliyeogopa mbu." Akainuka, akakung'uta leso, akatangulia kurudi. Nilimfuata. Sikuwa jasiri. Ila kumkimbia mama mkwe barabarani mchana kweupe ni jambo ambalo ningelitangaziwa mpaka nife.

Chumba cha sindano

Suti ilivuliwa. Walinipa gauni la hospitali, ambalo aliyelishona aliishiwa na kitambaa alipofika mgongoni. Kutoka chumba cha kubadilishia hadi chumba cha sindano ni lazima upite mbele ya benchi la mama mkwe. Nilipita kinyumenyume. Yule mtu wa Sori alisimama kunipisha, akiwa na sura ya mtu anayeona msafara wa serikali.

Muuguzi aliitwa Sista Boke, Mkuria, mnene, asiye na haraka. Nilipanga nimwambie hali yangu kwa lugha nzuri, lakini kutoka mlangoni sauti ya mama mkwe ikanitangulia: "Huyu huzimia."

Sista hakushangaa wala hakucheka. Alisema wanaozimia ni wengi, na wengi wao ni wanaume wakubwa wakubwa. Akanilaza, akaniinua miguu juu ya mto, akaniambia nikaze mapaja na ngumi ya mkono mwingine, niachie, nikaze tena, maana damu ikikaa juu mtu haanguki, na aliyelala hana pa kuangukia. Hilo la mwisho lilinifariji sana. Kisha akasema nahitaji mtu wa kuzungumza naye nisiangalie mkono, akauliza nimekuja na nani.

Ochola alikuwa ameenda kupeleka hema. Sote tukatazama mlangoni. Mama mkwe alikuwa amejifunika leso usoni.

Kwa Wakuria mambo ya wakwe ni yaleyale, na Sista Boke alielewa bila kuelezwa. Akasema kwa upole, "Mama, ingia tu. Mila tutaiomba msamaha baadaye."

Aliingia. Alisimama upande wa kulia wa kitanda, akafikiri kidogo, kisha akavua leso, akaikunja, akaifunika juu ya mkono wangu, na juu ya leso ndipo akanishika. Ngozi haikugusa ngozi. Alinishika kama mtu anayeshika kuku asiponyoke.

Likabaki suala la mahali pa kutazama. Kushoto sindano, kulia uso wa mama mkwe, na vyote viwili haviangaliwi. Nikatazama dari. Sista akafunga mpira mkononi, nikasikia baridi ya spiriti, na zile nukta nyeusi zikaanza kuja kutoka pembeni.

"Tangaza," mama mkwe akasema.

Sikuelewa. Akasema huwa ananisikia kwenye spika nikitangaza kwenye hafla za Rodi, yeye akiwa nyuma ya nyumba, na hajawahi kunisikia kwa karibu. Nitangaze harusi.

Nikaanza. Sauti ilikuwa kama ya chura, lakini nikaiambia dari iketi, nikaomba walio kwenye jua wasogee kivulini, nikawakaribisha wazee, wachungaji na viongozi wote mahali mlipo. Mshipa wa kwanza ulikimbia. Nao ni wangu, siulaumu. Sista akajaribu wa pili. Nikamwomba bwana harusi asiogope, bibi harusi yuko njiani. Nilipofika kwa watu wa jikoni nikahisi kitu kama siafu, nikauliza ndiyo inaanza, Sista akasema imeisha, amebakiza plasta tu. Ndani ya mkono palibaki kibomba chembamba cha plastiki. Nilikitazama kwa jicho moja. Nilikuwa bado niko.

Mama mkwe akatoa mkono, akachukua leso yake, akarudi mlangoni kama mtu ambaye hakuwa ameingia.

Mashine yenyewe sina la kuwaambia. Ni duara kubwa, unaingizwa na kutolewa, na sauti ukutani inakukataza kumeza mate mara tu unapoyataka. Dawa ilileta joto na ladha ya chuma mdomoni. Kuhusu lile jambo la mtu wa Sori, nilihisi, na nilipoinuka nilihakikisha. Nilikuwa mkavu.

Kurudi

Jioni tulikula samaki aina ya ngege, wa kukaanga, kwenye hoteli moja karibu na soko, mama mkwe meza ile, mimi meza hii, tumepeana migongo, na Ochola katikati akipeleka chumvi. Nyuma ya pikapu palikuwa patupu sasa, lakini mama mkwe alisema mtu mwenye plasta hapaswi kupigwa na upepo, nikae mbele. Akaweka mkoba wake kati yetu, na huo mkoba ndio uliobeba mila mpaka Rodi.

Wiki iliyofuata daktari wa Migori aliiweka picha kwenye mwanga. Akanionyesha tezi iliyovimba na kukua kuelekea chini, inausukuma mshipa wa sauti. Alisema kingo zake ni laini, na kwa macho yake haina sura mbaya. Beryl akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu mlangoni. Lakini ili kuwa na hakika, daktari akaendelea, lazima atoe chembe kidogo kwenye uvimbe wenyewe. Nikamuuliza anaitoaje. Akasema kwa sindano, hapo shingoni.

Beryl akasema haraka kwamba mitihani imekwisha na safari hii atakuja mwenyewe.

Nikamwambia hapana. Nikamuuliza daktari kama inaruhusiwa kuingia na mtu wa kukushika mkono. Akasema inaruhusiwa, wengi huja na mke. Nikasema mimi nitakuja na mama mkwe.

Daktari ni Mjaluo wa Nyatike, amezaliwa hapahapa, na mila ya maro anaijua. Aliweka kalamu mezani, akainama, akaanza kunitazama machoni kwa tochi.